Upande wa Kuume

Siku ya tatu ya matanga ya Papa Gabriel, wimbo wa kwaya ulipasuka mbele ya watu wote. Tulikuwa wanawake kama ishirini uani kwake, Mudzipela, tunachambua sombe, majani ya muhogo, chini ya turubali la bluu. Vijana wa ukoo walikuwa wameunganisha laptop ya marehemu na bafle mbili kubwa ili watu wasikilize kazi ya mikono yake. Bafle ya kushoto ikaimba kwa mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya jirani. Ya kuume ikafoka. Masoprano walitoka humo wakiwa wamechanika, watoto wakaziba masikio, na mzee mmoja akauliza kwa hasira kama hiyo ndiyo kazi aliyosifiwa nayo marehemu. Vijana wakairukia laptop. Mmoja akalaumu waya, wa pili akalaumu bafle, wa tatu akasema ni huo mfumo wa bure, kitu cha bure kina faida gani. Mimi nilibaki na jani mkononi. Nilikuwa naijua sauti ile. Niliisikia nilipokuwa na miaka ishirini, katika chumba kilicho hatua kumi kutoka pale nilipoketi, na kwa miaka yote hii sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja chanzo chake.

Sitapoteza karatasi kwa habari za ukoo wangu. Wazazi wangu walikuwa watu wema na katika jambo hili hawamo. Watu wakiniuliza nimejifunza wapi kazi yangu nawatajia chuo cha Kisangani, kwa kuwa ndicho kilichonipa diploma. Huo ni uongo mdogo wa kurahisisha maongezi. Nilijifunza katika chumba kimoja cha Mudzipela ambacho kuta zake zilibandikwa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini, mamia ya trei, nyingine bado zina manyoya ya kuku. Nikifumba macho hata sasa, naingia humo. Mlango una blanketi zito la kijivu. Ukilivuka, kelele za pikipiki na za wauza sabuni zinakatika, na unaanza kusikia pumzi zako mwenyewe. Saa tisa za mchana mwanga ulipita kwenye dirisha dogo la juu ukiwa na vumbi jekundu ndani yake, ukatua juu ya trei, na kila shimo la yai likapata kivuli chake. Nilipenda kukaa kimya pale na kuvitazama vivuli vikisogea. Papa Gabriel alinitania akisema, "Furaha, weye ulikuya kujifunza kazi ao ulikuya kuhesabu mayai?"

Ulikuwa mwaka wa amani ile ya kunyata. Watu walikuwa wamerudi, si wote. Barabara ya kwenda Bogoro leo ilipitika, kesho mtu aliyefika kutoka huko alisema afadhali kungoja kwanza. Sokoni muuzaji na mnunuzi walitazamana kidogo zaidi ya inavyotakiwa kwa kilo ya maharagi, kisha wakatabasamu, kisha biashara ikaendelea. Na hatukuulizana. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya mwaka ule, na hakuna aliyetufundisha. Hukumuuliza mtu alijificha wapi, wala ndugu yake yuko wapi siku hizi, wala hilo kovu amelipata lini. Upande wa pili wa ukuta wetu kulikuwa na akina mama wanaosuka nywele, na trei za mayai zilizuia sauti kutoka nje vizuri kuliko zilivyozuia sauti zao. Nilisikia mengi: nani ameposwa Saio, nani amerudishiwa shamba, bei ya samaki wa ziwani. Mara mmoja akianza kusema "Siku ile walipokuya," mwenzake alimkatiza haraka: "Inamisha kichwa mama, nisikuvute." Halafu mmoja wao alianza kuimba.

Mtaani walimwita Papa Masikio. Kabla ya vita alikuwa akirekebisha gitaa na vinanda vya makanisa, na ilisemwa kwamba akipita barabarani aliweza kusimama, akaingia kanisani bila hodi, na kumwambia mpigaji kamba ya tatu imelegea. Watu hutia chumvi, lakini nilimwona mwenyewe akigonga sufuria mbili za Mama Rejina, mke wake, na kumwambia moja ina ufa. Mama Rejina alibisha. Wiki hiyohiyo sufuria ikavuja mchuzi wote juu ya makaa. Baada ya vita gitaa nyingi zilikuwa zimeibwa au kuchomwa, basi akageukia kurekodi kwaya. Mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka mjini alimwachia laptop nzito yenye mfumo ule unaoitwa huria, usionunuliwa, ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuona umeundwaje. Wenye studio zingine mjini walimcheka. Yeye aliupenda kwa moyo wote.

"Hii mashine haina siri," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha faili lililojaa mistari ya maandishi. "Kila kitu iko wazi. Ukitaka sauti ipite hapa, unaandika ipite hapa. Ukikosea, kosa yako inabaki pale inakungojea." Kisha akanifundisha desturi ya nyumba ile. Mstari unaoanza na alama ya dieze, ile ileile inayopandisha noti kwenye muziki, mashine haiusomi. Inauruka. Ni wa watu tu. Kwa hiyo kila tulipobadilisha kitu, ilitupasa kuandika chini yake mstari wa dieze wenye sababu na jina la aliyebadilisha. Nilimwambia ni kupoteza wakati, maana mashine inafanya kazi bila sababu. Nilikuwa na mdomo siku zile. "Mashine haina haja ya sababu," akajibu, "mutu njo iko na haja. Atakayekuya nyuma yako asipotee."

Miezi ya kwanza sauti yetu ilikuwa aibu. Kulikuwa na muungurumo chini ya kila wimbo, mnene, usiokoma. Papa alizungusha waya, akapiga mikrofoni ngumi, akanituma kununua waya mpya. Muungurumo ukabaki. Alasiri moja mvua ilinyesha, jirani akazima grupe lake lililokuwa likitupa umeme, na kwa muda laptop ikabaki inaishi kwa betri. Nilikuwa nimevaa vile vidude vyangu vidogo vya masikioni, vya redio, nikisikiliza mikrofoni tupu. Ghafla nikasikia mvua. Mvua tu, juu ya bati, tone kwa tone, bila kitu chini yake. Nilichomoa kabisa waya wa kuchajia, na grupe lilipowaka tena mvua ikabaki safi vilevile. Nilipiga kelele mpaka Mama Rejina akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka. Papa alisikiliza, akacheka hadi machozi, akasema, "Andika!" Nikaandika: wakati wa kurekodi waya wa kuchajia unachomolewa, kwa sababu unaleta muungurumo wa grupe. Furaha. Ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kuandika maishani mwangu na kuiona ina faida kwa mtu mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa mkwaruzo kila waimbaji walipopaza sauti. Hilo tulilitafuta wiki mbili. Kumbe nguvu ya mikrofoni ilikuwa imeongezwa mara mbili, juu kwenye programu tunayoiona na chini kwenye kadi ya sauti tusikotazama. Tukapunguza ya chini, tukaandika sababu. Siku zile nilienda nyumbani jioni kwa miguu nikiwa nimelewa furaha, nikisikiliza kila kitu njiani: kengele ya baiskeli, mafuta ya mandazi, mtu anayefagia. Sikuwahi kujua kama dunia ina sauti nyingi kiasi kile. Nilikuwa nimeishi miaka ya mwisho nikisikiliza kitu kimoja tu, kama kuna watu wanakuja.

Kulikuwa na kero moja isiyokuwa na dawa, nayo ni helikopta. Za walinda amani zilipita juu ya Mudzipela mara tatu au nne kila mchana, zikitokea uwanja wa ndege. Papa akiwa amevaa kaske, ile kubwa ya kufunika masikio yote mawili, aliinua mkono, kwaya nzima ikanyamaza na midomo wazi, tukangoja. Kisha akashusha mkono wakaendelea. Ila alishusha mapema. Kila mara. Helikopta ilikuwa bado inasikika upande wa dirishani, na yeye alikuwa anawaambia waimbe. Masoprano walitazamana. Mimi nilidhani ni haraka ya mtu mwenye betri ya dakika arobaini, na sikuuliza kitu.

Kwaya iliyotutegemea, au tuseme tuliyoitegemea, ilikuwa ya kanisa moja kubwa, na waimbaji wake walitoka pande zote mbili zilizokuwa zimepigana. Walitaka CD ya nyimbo nane kwa ajili ya yubile ya kanisa lao. Mwongozaji wao alikuwa kijana mrefu mwenye suruali zilizopigwa pasi sana, jina lake Innocent, mpole na mkaidi. CD ya kwanza aliirudisha. Tukairekebisha. Akaja tena na ya pili, akaiweka mezani kwa vidole viwili. "Papa, heshima yako iko palepale," alisema. "Lakini mu kanisa, upande wa kuume unapasuka. Masoprano wanatupigia kelele, ma-alto unasema wako wanaimba kule Bogoro. Niliwasemelea kwa comité ya kanisa mara mbili. Ya tatu ikiwa hivi, watapeleka kazi kwa wengine, na siye wote tunajua makwaya ingine zitafuata." Papa alikunja mikono. "Ni mashine," akasema. "Tutaona." Innocent alipotoka, Papa alikaa akitazama trei za mayai kwa muda mrefu. Studio ile ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba. Zaidi ya hapo, lilikuwa ndilo jina lake. Papa Masikio aliyefukuzwa na kwaya kwa sauti mbaya angeitwa nani?

Kuchanganya sauti ilikuwa kazi yake peke yake, kwa kuwa kaske ilikuwa moja na haikuazimwa. Siku ile akanivalisha kwa mara ya kwanza. Wimbo ukaanza, nami nikairusha kaske shingoni. "Papa, kuume iko juu sana!" Akanitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Juu? Iko chini. Njo nilipandisha. Nilipandisha na haitoshi bado." Tukabishana kama watoto. Akasema basi kaske ndiyo mbovu, waya wake wa kuume umekatika ndani. Nikaufungua waya, nikaukagua, haukuwa na kitu. Akanipokonya kwa hasira, akavaa, akabonyeza wimbo uanze. Na hapa, kwa haraka, aliivaa kinyume: kikombe cha kushoto kikakaa sikio la kuume, cha kuume sikio la kushoto. Alisikiliza, uso ukabadilika. "Sasa ma-alto njo wamepotea," akasema. "Kwanza masoprano, sasa ma-alto. Hii kintu ni mugonjwa kabisa."

Nilifungua mdomo nimwambie ameivaa kinyume, nikaufunga. Maana nilikuwa nimeelewa. Kaske ingekuwa mbovu, sauti zilezile za masoprano zingepotea, hata uivae vipi. Lakini zilikuwa zinapotea sauti zozote zilizokaa juu ya sikio lake la kuume. Mambo yote niliyokuwa nimeyaona bila kuyaona yakajipanga mbele yangu. Helikopta ilipopita kutoka kushoto kwenda kuume, kwake ilikuwa imekwisha, ndiyo sababu alishusha mkono mapema. Mezani alikaa daima mwisho wa benchi, sote tukawa kushoto kwake. Mama Rejina hakumwita kamwe akiwa upande ule mwingine, alizunguka kwanza. Nikamwambia Papa kwamba nitaitazama kaske vizuri kesho, nikaenda nyuma ya nyumba nikanawa uso.

Mama Rejina alikuwa amepika bugali na samaki wa ziwani, na akanilazimisha nikae jikoni naye. Kulikuwa na moshi na harufu ya pilipili. Nilimega bugali, nikaizungusha mkononi bila kuipeleka kinywani. Nilitaka sana kuuliza. Niliogopa. "Mama," nikaanza, "Papa, lile sikio..." Akaniongezea samaki. "Kula, Furaha. Bugali ikipoa haina utamu." Nikala. Alichochea moto, kisha akasema bila kunitazama: "Yule, ukitaka akusikie, simama huku." Akagusa bega lake la kushoto. "Mimi najua ile tu. Alirudi siku moja kutoka kule akiwa na damu huku kwa shingo, akaomba maji ya kuoga. Sikumuuliza. Na yeye haniulizaka mimi nilipita wapi na watoto." Tulimaliza chakula. Nilimpenda sana mama yule jioni ile, na nilimkasirikia pia, yeye na mji mzima kwa kutoulizana kwao, na mimi mwenyewe kwanza.

Nini ningefanya? Kumwambia mzee wa masikio kwamba hasikii? Mimi, binti wa miaka ishirini niliyekuja juzi na mdomo wangu? Au kunyamaza, na CD ya tatu iende ikapasuke kanisani? Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu mchana Papa alienda kutafuta mafuta ya grupe, mvua ikamzuia huko, nami nikabaki peke yangu na laptop na vivuli vya trei. Nilikuwa nimemwazia kama bafle iliyoharibika, Mungu anisamehe, na ndipo wazo lilipokuja. Shida haikuwa wimbo. Shida ilikuwa kwamba alipandisha upande wa kuume ndani ya wimbo ili na yeye ausikie, na wimbo ukatoka nyumbani na ugonjwa wake. Je, kama upande huo ungepandishwa njiani tu, kati ya mashine na kaske, bila kuugusa wimbo? Yeye angesikia pande mbili sawa, angeacha kupandisha, na CD ingetoka sawa. Kwenye mfumo mwingine nisingejua hata pa kuanzia. Kwenye ule, kila kitu kilikuwa wazi. Nikafungua faili, nikatafuta mahali sauti ya kuume inapopita kwenda kwenye kaske, nikaandika namba: moja nukta nne. Mstari mmoja.

Kisha nikakwama, maana ilinipasa kuandika sababu. Niliandika dieze, nikakaa. Nikaandika "kwa sababu Papa," nikafuta. Mvua ilipiga bati. Mwishowe nikaandika: upande wa kuume umeongezwa kwa sababu kaske imezeeka. Furaha. Katika faili zima, lililokuwa na mistari labda mia, ule ulikuwa mstari wa kwanza wa uongo.

Alirudi akiwa ameloa, akakaa, akavaa kaske, safari hii vizuri. Nilijifanya nafagia. Wimbo ukaanza. Mkono wake ukaenda kwa mazoea kwenye kitelezo cha kuume, ukakisukuma juu, ukasimama. Akakirudisha. Akakirudisha zaidi, hadi katikati. Alisikiliza wimbo mzima akiwa amefumba macho, na midomo yake ikawafuata masoprano, neno kwa neno. Ulipokwisha alivua kaske polepole, akaiweka magotini. "Ulifanya nini?" Nikasema, nikitazama ufagio, "Nilisafisha waya, Papa." Akaigeuza kaske magotini. "Uliandika?" "Niliandika." Nilingoja afungue faili. Hakulifungua. Alisema tu, "Muzuri," akaomba chai. CD ya tatu ilipigwa kanisani Jumapili ya yubile, na watu wa pande zote mbili wakasimama na kuimba nayo. Innocent alikuja kutushukuru na kuku mzima. Mwaka ulipoisha nilienda Kisangani. Papa alinisindikiza hadi kwenye gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na jambo lile hatukulizungumza. Niliamini hajui. Nilijisifu hata kidogo, kwa siri, miaka mingi, kwamba nilimdanganya kwa wema.

Basi, pale matangani, nikaweka jani la sombe chini, nikajifuta mikono kwenye kitenge, nikawaendea vijana. "Mama, ni waya tu," mmoja akaniambia. Innocent alikuwa amesimama hapo pia, siku hizi ni mchungaji, mvi tele, suruali bado zimepigwa pasi. "Mumuachie," akawaambia. "Huyu njo alijifunza naye." Laptop haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa mpya, nyembamba, ya mwaka juzi labda. Hilo lilinishangaza. Mstari wangu ungepaswa kufa na mashine ile ya kwanza. Kama ulikuwa humu, basi kuna mtu aliuhamisha kwa mkono wake, kutoka laptop moja kwenda nyingine. Bafle zilikuwa zimechomekwa kwenye tundu la kaske. Nikafungua faili. Mahali palepale pa sauti ya kuume palikuwa na mstari wangu, na namba yake haikuwa tena moja nukta nne. Ilikuwa tatu. Chini yake, kila mstari na dieze yake, palikuwa na haya:

Upande wa kuume umeongezwa kwa sababu kaske imezeeka. Furaha.

Si kaske. Ni mimi. Gabriel.

Naongeza kidogo. Mvua ya jana niliisikia upande mumoja tu. Gabriel.

Naongeza. Rejina aliniita mara tatu. Gabriel.

Naongeza tena. Mujukuu alilia nyuma yangu, sikugeuka. Gabriel.

Nimefika mwisho wa namba, zaidi ya hapa inapasuka. Fundi yeyote asiguse. Furaha akikuya, yeye anaweza kuitoa. Gabriel.

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nililia pale, mbele ya vijana na waya zao. Alikuwa ameusoma uongo wangu, pengine jioni ileile baada ya mimi kwenda nyumbani, na hakuufuta. Aliuacha juu, akaandika ukweli chini yake, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba. Na mwaka wote ule nilipokuwa nikijifanya nafagia, alikuwa akinywa chai yake akinitazama.

Sikuufuta mstari. Niliweka dieze mbele yake, mashine iuruke, ubaki wa watu tu. Kisha nikaandika sababu, na safari hii haikunichukua muda: leo wanasikiliza wengine. Furaha. Wimbo ukaanza upya. Ma-alto walirudi kutoka Bogoro, masoprano wakatulia, na watoto wakaondoa mikono masikioni. "Voilà," Innocent akasema. "Sasa njo sauti yake. Ilikuwa nini?" Nilimtazama Mama Rejina. Alikuwa ameketi kwenye benchi lilelile, kushoto, na mahali pa mwisho pa benchi hakuna aliyekaa. Aliitikia kwa kichwa.

"Ilikuwa sikio yake," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ile ya kuume. Ilikufa wakati wa vita. Aliwafanyia CD yenu na sikio moja."

Innocent alitafuta kiti, akakaa. Katikati ya wimbo wa tatu, rekodi ya mazoezi ambayo haikukatwa, kwaya ilinyamaza, tukasikia helikopta ya mwaka ule ikiingia bafle ya kushoto, ikapita juu yetu, ikahamia kuume. Waimbaji wakaanza tena mapema, kama kawaida, kwa ishara ya mkono wake. Safari hii tuliisikia helikopta hadi mwisho.